Bikoni, zege au mikoko? Kipi kinafaa mji mdogo unaotaka kulinda mito na pwani yake

Watu wakisikia Dar wanawaza Kariakoo na foleni ya Ubungo, ila ukiichambua utakuta ndani yake kuna miji kadhaa na mmoja wapo bado mdogo kabisa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa mzima, Kigamboni peke yake ni 317,902. Hiyo ni halmashauri kamili, ina mkurugenzi wake, madiwani wake na mapato ya ndani ya kuungaunga, alafu imebeba mali ambayo miji mingi ya bara inaitamani: pwani ndefu, mikoko, mchanga, maji matamu chini ya ardhi. Na mashamba ya mihogo na minazi yanageuka viwanja kwa spidi ya ajabu, ukivuka daraja la Nyerere ukaingia ndani kidogo tu kila kona kuna kibao cha dalali. Kwaiyo mtu wa Njombe, Kahama au Lindi anaejiuliza mji wake uanzie wapi kulinda mto au msitu asiangalie Kariakoo, aangalie huku kwetu Kigamboni.

Vikao vya mtaa vikigusa mpango wa matumizi ya ardhi huwa wanajitokeza watu wa aina tatu. Kuna wale wa "pimeni, wekeni bikoni (mawe ya mpaka ya mpimaji), aliezidi abomolewe". Kuna wa "jengeni ukuta tumalize". Alafu wapo wa "pandeni miti, shirikisheni wananchi", hawa hupigiwa makofi sana kisha hamna anaewakumbuka ikifika bajeti. Zote tatu zishajaribiwa hapahapa Dar, matokeo yapo yanaonekana, hatuna haja ya kubahatisha. Mi msimamo wangu nauweka mezani mapema: kabla hujauliza njia ipi nzuri jiulize mmechelewa kiasi gani, maana bonde lenye shamba la mihogo na bonde lenye nyumba mia mbili hayawezi kupewa dawa moja hata kama mto ni uleule.

Bikoni na mita 60

Hii ndo njia ya serikali siku zote na kisheria imesimama vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari. Ukitaka kuielewa kwa lugha ya viwanja, mita 60 ni viwanja vitatu vya 20 kwa 20 vilivyopangwa kwenda ndani. Upande mmoja tu huo, bado wa ng'ambo. Sasa mwambie mzee ambae shamba lake lote linaishia mtoni na analo eka moja, utaelewa kwanini watu wanapandisha sauti.

Kwenye makaratasi ndo njia rahisi kuliko zote, mpima, bikoni, tangazo, basi. Shida ni kwamba Dar imeshapita hii njia muda mrefu. Mpango kabambe wa 1979 uliyahesabu mabonde ya mito kuwa ardhi ya hatari, siyo ya kujenga. Mstari ulikuwepo. Ila mstari wa kwenye ramani iliyofungiwa kabatini haumzuii mtu mwenye shida ya kiwanja cha bei nafuu karibu na mjini, kwaiyo Jangwani, Suna, Kigogo, Mkwajuni watu wakashuka taratibu, wakajenga, wakavutiwa umeme, wakazaa watoto humo. Desemba 2011 mvua ikapiga, watu wapatao 40 wakafa na maelfu wakabaki hawana pa kulala, ndo baadhi wakapelekwa Mabwepande. Miaka minne baadae, mwisho wa 2015 kuingia 2016, zikaja X nyekundu za kubomolewa kwenye kuta za nyumba, na greda. Yani kati ya mstari na kubomoa ilipita miaka zaidi ya 35, na gharama ya kuchelewa hivyo ililipwa na watu maskini.

Alafu kuna jambo linaniudhi mpaka leo. Depo ya mwendokasi ilijengwa palepale Jangwani, bondeni, na mafuriko yakaja kuyakuta mabasi yamepaki. Sasa unaanzaje kumwambia mama anaeuza mihogo ya kukaanga atoke kwenye mita 60 wakati mabasi ya umma yamelala katikati ya bonde? Mji mdogo ukiweka mstari sheria ya kwanza iwe serikali yenyewe isiuvuke, isijenge zahanati, isijenge ofisi ya kata, isijenge hata choo cha soko.

Ila msinielewe vibaya, mstari unafanya kazi na unafanya kazi vizuri sana pale ambapo hamna mtu bado. Huku kwetu ukienda Kimbiji, Pembamnazi, Kisarawe II, sehemu nyingi za Somangila, mikondo ya maji bado iko wazi, inalimwa bustani au imeota magugu tu. Kule bikoni moja leo inaokoa fidia ya nyumba kumi kesho. Kinachotakiwa ni mstari uonekane na kila mtu, sio mpima tu. Bikoni inang'olewa usiku mmoja, tena na mtu mwenye heshima zake. Barabara haing'olewi. Ukipanga barabara ya mtaa ipite pembeni ya hifadhi ya mto, nyumba zikatazama mto badala ya kuupa mgongo, mvamizi akianza kumwaga kokoto upande wa pili kila anaepita na bodaboda anamuona. Nyumba ikiupa mto mgongo, mto unakuwa jalala la jikoni na ukuta unasogea mita moja moja kila mwaka.

Na kitu kingine kidogo ambacho hakili bajeti: mauziano mengi ya viwanja huku yanasainiwa ofisi ya serikali ya mtaa. Basi ramani ya mikondo na mita 60 ibandikwe ukutani hapohapo, kubwa, yenye rangi, na karatasi ya mauziano iwe na sehemu ya kujaza eneo liko ndani au nje. Mnunuzi akiona mwenyewe kabla hajatoa hela dalali anakosa pa kujificha. Mi naona hii ingezuia uvamizi kuliko mgambo ishirini.

Zege, gabioni (mawe yaliyofungwa kwenye waya) na kuta

Njia ya pili watu wanaipenda sababu inaonekana. Kiongozi anakata utepe, picha zinapigwa, na kweli nyumba iliyokuwa inaning'inia inapona. Mto Ng'ombe kule Sinza na Ubungo umejengewa kingo chini ya mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar (DMDP), na ukiongea na watu wa kandokando ambao zamani masika ikianza wanahamishia magodoro kwa ndugu, hawataki kusikia habari ya kupanda miti. Wana haki. Ukuta wa bahari upo pale Barack Obama Drive na huku Kigamboni upo kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, bahari ilikuwa inakula ardhi na sehemu kama hizo huwezi kusema tusubiri mche ukue.

Lakini jamani zege ni mke wa pili, ukishamuoa matumizi hayaishi. Mtaro wa zege usiposafishwa unajaa mchanga, chupa na viroba, na ukijaa unafurika kirahisi kuliko mto wa asili maana hauna pa kupanukia. Pia maji yanapita kwa kasi, kwaiyo mafuriko hayajaisha, yamehamia kwa jirani wa chini. Ukijenga juu tu bila kuangalia chini unakuwa umewapelekea wengine tatizo, na wao watadai zege yao, na huko mbele ni hivyohivyo mpaka baharini.

Kwenye ufukwe ni kichekesho zaidi. Wimbi likigonga ukuta linarudi na mchanga wa mbele yake, alafu pale ukuta unapoishia jirani ndo analiwa kwa kasi. Ukanda wa Kunduchi mahoteli yaliweka mawe ya kuingia baharini kila moja kivyake, huyu akinasa mchanga huyu wa pembeni anakosa. Na hapa ndo watu wanakosaga picha nzima: mchanga wa ufukweni unaletwa na mito. Mchanga unaochotwa na matipa kwenye mto Tegeta, Mbezi au Mpiji ndo uleule ambao ungefika pwani ukaziba pale bahari ilipokula. Kwaiyo mji unaruhusu mchanga uchimbwe juu, unakusanya ushuru, alafu unaenda kukopa hela ya kujenga ukuta chini. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaikataa.

Gharama sasa. Kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia peke yake imeweka dola milioni 200 mwaka 2022, na hapo wametia mkono wafadhili wengine pia. Mto wenyewe una urefu wa kama kilomita 35 kutoka vilima vya Pugu mpaka pale daraja la Salenda. Mji mdogo hautapata hela ya aina hiyo, na hata ukipata ni mkopo wa taifa zima. Kinachofanyika kwenye miji midogo ni kujenga vipande: mita hamsini mwaka huu, diwani akibadilika zingine themanini sehemu tofauti kabisa, na katikati pamebaki wazi. Kipande cha ukuta mtoni mara nyingi ni kibaya kuliko kutokuwa na ukuta, maji yanatafuta pale palipobaki wazi na kuchimba.

Kuna zege ya wananchi pia, tusiisahau. Matairi yaliyojazwa udongo, viroba vya mchanga, kifusi cha nyumba iliyobomolewa, takataka zinashindiliwa kwenye ukingo ili kiwanja kiongezeke. Kila familia inajitetea na kila familia inaubana mto. Hiyo haina mpango wowote ila ndo inayobadilisha sura ya mito mingi ya Dar kuliko makandarasi wote, na mpango wowote usioihesabu ni wa ofisini.

Mikoko, misitu na watu wake

Hii njia ya tatu ntaikalia zaidi sababu ndo inayoeleweka vibaya pande zote mbili, wanaoidharau na wanaoipenda.

Kwanza mikoko. Msitu wa mikoko unavunja nguvu ya wimbi, unashika tope, na ni sehemu ya kukulia kamba, kaa na samaki wadogo ambao baadae ndo wavuvi wanawafuata. Tunayo Mbweni, Kunduchi, mdomo wa Msimbazi, hori la Mzinga na Mtoni, na huku kwetu Rasi Dege. Ila siku ya kupanda watu wanachukua miche mirefu ya mkoko wenyewe, ile inayochomekwa kirahisi kwenye tope kama kijiti, wanachomeka safu mia mbele kabisa kwenye tope la wazi, picha zinapigwa, baada ya miezi michache hamna kitu. Mikoko ina mpangilio wake, kila aina na sehemu yake. Mbele baharini anakaa mlilana, nyuma yake ndo mkoko, muia na mkandaa wanafuata, mchu unavumilia chumvi na mara nyingi utaukuta upande wa nchi kavu. Ukiweka mti usio wa pale unakufa na unabaki unasema mradi umehujumiwa. Tena sehemu nyingi hazihitaji kupandwa kabisa, zinahitaji maji yafunguliwe yapite (mfano sehemu zilizozibwa na mashamba ya chumvi au tuta la barabara) na watu waache kukata, mbegu zinakuja zenyewe na maji. Hiyo haipendezi kwenye picha, najua.

Pili, mikoko sio ya halmashauri. Nchi nzima mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali kuu, iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kwaiyo diwani hawezi kuamka akasema tunaigawa au tunaijengea. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ndo imefungua mlango wa usimamizi shirikishi, yani mtaa au kijiji kinaingia makubaliano ya kusimamia na kupata faida fulani. Makubaliano hayo yanachukua muda na vikao vingi, ukitaka matokeo kabla ya uchaguzi sahau.

Tatu, na hii kwangu ndo kubwa, eneo linalindwa na mtu anaelitumia kihalali kila siku. Angalia Bongoyo na Mbudya. Ni maeneo tengefu ya bahari, sheria ya 1994 ya hifadhi za bahari ipo, lakini kinachosaidia pale ni kwamba kuna wenye maboti, wanaochoma samaki, wanaokodisha makuti ya kivuli, wageni wanalipa kiingilio. Mtu akija kufanya ujinga kuna macho. Nairobi kuna Karura, msitu wa kama hekta 1,000 katikati ya jiji, Wangari Maathai na wenzake walipigwa virungu mwaka 1999 wakiutetea usigawanywe, ila haukuwa salama siku hiyohiyo, kwa miaka mingi ulikuwa sehemu ya kuogopwa. Uzio, njia za kutembea, kiingilio na chama cha majirani ndo vilikuja kuufanya watu waingie na watoto. Na kule Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya ukaa ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, yani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, hela inaenda kwenye maji na shule. Kijiji kikiona bomba limetoka kwenye mikoko, mwenye panga anakamatwa na shangazi yake mwenyewe.

Sasa ubaya wake. Inachelewa, haina msaada wowote kwa mtu ambae choo chake kinadondoka mtoni wiki hii. Vikundi vinaanzishwa kwa posho na vinakufa posho ikikata, utakuta kikundi cha mazingira kina muhuri na akaunti ya benki lakini hakina hata reki. Na kugawa faida kunaleta ugomvi, nani mwenyeji nani mgeni, wavuvi wanataka hiki wakata boriti wanataka kile. Halmashauri isiyo na afisa mazingira mwenye usafiri na mafuta ya kwenda huko isidanganye watu kwamba ina mpango shirikishi.

Maji ya chini, ambayo hayamo kwenye makundi yote matatu

Hapa kidogo nitoke pembeni ila ni muhimu kwa Kigamboni. Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu uliposhuka na mgao wa maji ukaingia mji mzima, visima virefu vya huku vikaunganishwa kusaidia jiji. Yani mji mdogo ukaunywesha mkubwa. Hiyo mali haina ukingo wa kupima mita 60, haijengewi ukuta na haipandiwi mkoko. Inalindwa kwa kuacha ardhi inywe maji, kwa kujua nani kachimba wapi (kibali kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu), na kwa kuangalia vyoo. Ukiweka pevingi kila uwanja, ukajenga kiwanja kizima ukuta kwa ukuta, mvua inakimbilia barabarani badala ya kushuka. Ukivuta sana karibu na bahari chumvi inaingia, visima vingi vya pwani ya Dar vishaonja hilo. Kwenye hili zege ni adui wa moja kwa moja, na kifaa pekee kilichobaki ni mpango wa viwanja: ukubwa, nafasi ya wazi, na sehemu ambazo hazipimwi kabisa.

Ukiziweka pembeni kwa pembeni

Kwa hela ya kuanzia bikoni ni rahisi, mikoko na watu inafuata, zege iko juu huko peke yake. Ila ukihesabu miaka ishirini picha inageuka, bikoni iliyochelewa inakuwa ghali kuliko hata zege sababu inakuja na fidia, kesi na kura. Zege inabaki ghali kila mwaka. Njia ya watu gharama yake kubwa ni mishahara na mafuta ya pikipiki, vitu ambavyo wafadhili hawapendi kulipia na halmashauri inavikata kwanza.

Kwa haraka ya matokeo zege inashinda, hamna ubishi.

Nani anaumia? Hapa sio swali dogo. Bikoni kwenye eneo tupu haimuumizi mtu, kwenye eneo lililojaa inamuumiza mpangaji na mwenye leseni ya makazi kabla haijamgusa aliemuuzia. Zege inamuumiza wa chini ya mto. Mikoko inaweza kumuumiza mkata kuni na mwenye shamba la chumvi, hao nao watu, lazima wapewe kitu mkononi na siyo semina.

Masika ikifika, Machi mpaka Mei, bonde lililoachwa wazi linafurika na hamna anaekufa, hiyo ndo kazi yake. Mtaro wa zege uliosafishwa unapitisha mvua za kawaida, ila ikija ya 2011 unazidiwa na watu walikuwa wameshazoea kulala bila wasiwasi. Tena wakati wa mvua ndo watu wanatapisha vyoo, kwaiyo mtaro unaopita haraka unapeleka hiyo mizigo mpaka ufukweni ambapo mtoto wako anaogelea Jumapili, wakati bonde lenye majani na matete angalau linaichuja kidogo.

Na ulinzi. Bikoni inalindwa na mgambo, zege inajilinda ila haijisafishi, mikoko inalindwa na mwenye kula humo. Mi kwenye hii hoja nina upande na sifichi.

Kuchanganya, na kwa mpangilio gani

Utasikia "tuchanganye zote" kama jibu la busara. Sawa, hata Msimbazi wanachanganya: mto unapanuliwa, watu wanahamishwa kwa fidia, daraja la Jangwani linajengwa upya, depo inatoka, bustani kubwa inakuja. Beira kule Msumbiji, mji wa bandari uliopigwa na kimbunga Idai Machi 2019, waliufufua mto Chiveve uliokuwa umegeuka jalala wakautengenezea bustani na mikoko ndani yake. Ila kuchanganya bila mpangilio ni kutawanya hela. Mi ningefanya hivi.

Pale ambapo bado ni shamba, weka mstari sasa hivi na barabara juu yake, usiweke hata shilingi ya zege. Wenye mashamba ndani ya mita 60 wasifukuzwe, walime mboga, wafuge nyuki, wafanye bustani za miche, mradi nyumba hakuna. Mkulima wa mchicha mwenye karatasi ya halmashauri ni mlinzi tosha, anaamka saa kumi na moja asubuhi kumwagilia na anamjua kila anaepita.

Pale palipojengwa nusunusu nafasi yenu ni urasimishaji, yani kupima na kutoa hati kwa maeneo yaliyojengwa bila mpango. Kampuni ya upimaji ikija na watu wanachangishana hela ya hati, ndo wakati pekee majirani wote wanakaa meza moja kukubaliana nani anaachia mita ngapi za njia. Kwenye mkutano huohuo watoe na mkondo wa maji. Ukiupita huo mkutano hati zikishatoka umekwisha, mkondo umeingia ndani ya kiwanja cha mtu na kila mita unainunua.

Pale palipojaa kabisa kama Sinza, zege, na iwe nzima toka juu mpaka chini au isianze. Na bajeti ya kusafisha iandikwe siku hiyohiyo ya mkataba, siyo baadae.

Pwani ya mikoko, kaa na TFS mapema, anza na kuzuia kukata na kufungua maji, kupanda ije mwisho.

Kabla ya yote hayo lazima mjue mna nini. Msidanganyike kwamba hilo linahitaji mtaalamu wa dola. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria ulitumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe kuchora mitaa ya Dar, mitaro, makalavati, maji yalipofika mafuriko ya mwisho, na ramani zikawekwa wazi bure kwenye intaneti. Mji mdogo ukiwa na chuo chochote jirani na wazee wanaokumbuka maji ya El Nino ya 1997 na 1998 yalifika mti gani, una nusu ya kazi mkononi. Waulize na wanawake wanaochota maji, wanajua chemchemi ambazo ramani za serikali hazina.

Kwa Kigamboni kuna kitu cha ziada ambacho mtu wa mipango asipokijua atashangaa kwanini kikao kimenuna. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa Mji Mpya, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao kwa miaka, likaundwa na shirika la kuusimamia, baadae likavunjwa na mji mpya haukuja. Kwaiyo mwananchi wa huku akisikia "eneo lako limepangiwa matumizi mengine" anasikia kitu tofauti na anachosema mpimaji. Kwa hali hiyo ningependelea halmashauri ianze na mkondo mmoja tu, kata moja, kwa sheria ndogo fupi inayosema nini kinaruhusiwa ndani ya mita 60 kabla ya kusema nini kimekatazwa. Sheria ndogo inabidi ipite baraza la madiwani na waziri aiidhinishe, huo mchakato ni mrefu, kwaiyo rasimu iandikwe wakati ramani inachorwa, zisisubiriane. Na barabara ya pembeni ya mkondo ichongwe na greda kabla ya masika, hata kama ni ya vumbi, maana viwanja vya huko vinauzwa sana kiangazi, wakati mkondo umekauka na dalali anaweza kukuapia kwamba hapa maji hayajawahi kupita.